Dansi Niliyomwibia Papa

Harufu ya miguu ya watu wengi waliovua viatu ndani ya ukumbi uliofungwa hunichafua roho mpaka leo. Sisemi uchafu wa kawaida. Nimelea watoto wanne, nimemwuguza mama mkwe miaka miwili, uchafu wa kawaida haunitishi. Nasema ile harufu ya nyayo zenye jasho zikisugua saruji yenye unyevu, iliyopakwa mafuta ya taa ili vumbi lilale. Mwezi uliopita binti ya dada yangu, anayesomea dansi ya kisasa na ambaye siku hizi hatembei tena bali anaelea, alinialika niende kuona mazoezi yao. Nikaenda kwa kumpenda. Nilipofika mlangoni harufu ile ikanipokea kabla ya mtu yeyote, na ndani kijana mmoja mwenye kitambaa kichwani alikuwa anawaambia wenzake, "Mu impro hakuna kosa." Niligeuka hapo hapo. Mtoto akanifuata nje miguu peku. "Tantine, unaenda? Ata hatuyaanza." Nikamwambia presha imepanda. Uongo mtupu. Kilichopanda ni matapishi.

Wenzangu mliokulia Bukavu wakati wa vita mtanisamehe nikirudi huko, maana wengi wetu tumekubaliana, bila mkutano wowote, kwamba tusiongee. Impro nilifundishwa nikiwa na miaka tisa. Ni kucheza bila hatua za kupangwa: unasimama katikati, mwili unatafuta wenyewe, na kinachopatikana ndicho dansi. Wanaoipenda husema inamweka mtu huru. Mimi ilinifanya mwizi, na niliyemwibia ni baba yangu.

Papa alikuwa préfet wa shule ya sekondari, yaani mkuu wa masomo, na watu wa mtaa wetu wa Cimpunda wote walimwita Préfet, hata wauza sambaza, dagaa wa ziwa letu, ambao hawakuwa na mtoto shuleni kwake. Alikuwa mwembamba, mwenye miwani, suruali yenye mstari wa pasi, na mkanda wa ngozi ya kahawia aliokuwa akiung'arisha kwa kiwi kila Jumamosi pamoja na viatu. Alikuwa pia shemasi wa kanisa letu la Kiprotestanti, na kanisani kwetu dansi ilikuwa dhambi iliyokaa benchi moja na pombe na uchawi. Aliyekamatwa akicheza aliitwa mbele ya wazee, akatengwa na meza ya Bwana. Jumapili ya ushirika mkate na kikombe vilimpita, watu wote wakimwona. Kwa hiyo harusini, wengine walipoinuka, Papa alibaki kitini akigonga meza kwa kidole kimoja, taratibu, akifuata ngoma. Mimi nilikitazama kidole kile kuliko bibi harusi. Nikajiambia kwamba papa wangu anapenda dansi kuliko watu wote wa Bukavu, ila kanisa limemkatalia.

Sasa fikiria mtoto mwenye wazo hilo kichwani, siku anaporudi na baba yake kutoka Kalehe kumsalimia koko, mama yake Papa. Mji wakati ule ulikuwa mikononi mwa askari waliouteka, na barabarani barieri, vizuizi vya askari, zilikuwa nyingi kuliko madaraja. Kwenye barieri ya mwisho kabla ya kuingia mjini gari letu lilisimamishwa. Wanaume wakaambiwa washuke na vitambulisho, wanawake na watoto tukabaki ndani. Wanaume wengine walirudi upesi. Papa hakurudi.

Nilimwona kupitia dirisha. Askari walikuwa wamepanga mifuko ya mchanga ikawa ukuta mfupi, na Papa alisimama upande wa pili, kwa hiyo nilimwona kuanzia kifuani kwenda juu tu. Mkubwa wao alikuwa anatafuna muhindi wa kuchoma huku akisoma kitambulisho cha Papa. Alitafuna mdomo wazi. Punje zilizosagika zilimtoka pembeni mwa midomo pamoja na mate meupe, zikaangukia picha ya Papa, naye akaifuta kwa kidole gumba, akawa ameipaka zaidi. Naandika haya nimekunja uso. Kila nikiona mtu anakula muhindi barabarani nahama upande.

"Préfet?" akasema yule askari. "Weye njo unafundishaka batu akili?"

"Ndiyo, chef."

"Na hii mukaba ulitosha wapi? Hii iko ya kijeshi. Leta."

Papa akavua mkanda. Suruali ikataka kumshuka, akaishika kiunoni kwa mkono wa kushoto. Redio ndogo ilikuwa inaimba juu ya mifuko. Yule wa muhindi akaipandisha sauti, akamrudishia Papa kitambulisho, akamwamuru akiinue juu kila mtu akione. Kisha akampigia kelele kwa Kilingala cha jeshi: "Bina! Cheza, muzee!"

Na Papa akacheza. Mkono mmoja kiunoni, mwingine juu angani umeshika kile kikaratasi, mabega yakipanda na kushuka, kichwa kikitazama mbele kama mtu anayepigwa picha. Akazunguka. Akazunguka tena. Halafu ghafla akatoweka chini, nyuma ya mifuko, na kabla sijashangaa akaibuka tena, miwani imekaa upande, mkono bado uko juu. Askari wakaangua kicheko. Akatoweka mara ya pili, akaibuka, safari hii na vumbi kwenye paji la uso. Mara ya tatu alikawia kuibuka, nami nikazuia pumzi kwa hamu, maana sikuwahi kuona dansi ya namna hiyo, mtu kuzama na kuibuka namna ile. Alipotokea nikacheka kwa sauti. Nilicheka peke yangu garini. Watu wengine wote walikuwa wanatazama magoti yao. Mama mmoja aliyekaa karibu nami akanifinya paja, akanifinya kweli kweli, nami nikamdhani mwanamke wa kanisa mwenye wivu.

Nilicheka. Neno hilo linanichukiza kuliko mate ya yule askari, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Papa alirudi garini ameshika suruali, akakaa, gari likaondoka. Alinuka pumzi za watu wengine, kasiksi, pombe ya ndizi, iliyochacha na muhindi, na nyuma ya sikio lake palikuwa na uzi wa muhindi umenata. Niliunyofoa. Akashtuka kama nimemchoma. Tulipofika mtelemko wa kwetu akainama usawa wangu.

"Usiambie maman yako."

"Juu ya nini, Papa?"

"Juu nimekuomba."

Nikaelewa mara moja, yaani nikafikiri nimeelewa. Papa amecheza dansi. Shemasi! Akijulikana, mkate utampita. Nikamwapia kwamba sitasema, na nikaona fahari kubwa kwamba katika watu wote wa dunia, mimi ndiye niliyemwona papa wangu akifanya kile anachokipenda.

Baada ya hapo Papa akabadilika. Maman aliambiwa kwamba mkanda ulikatika safarini. Asubuhi hakuimba tena wakati wa kunyoa ndevu, na siku nyingine hakunyoa kabisa. Bukari, ugali wetu, ilikaa mbele yake mpaka ikajikunja ngozi juu, sombe ya majani ya muhogo ikaganda mafuta, naye anatazama tu ukuta. Maman, ambaye alikuwa muuguzi na aliamini kila jambo lina dawa, alimpa za minyoo. Mimi ndiye niliyejua ugonjwa, kwa hesabu yangu. Mtu ameonja dansi mara moja maishani, sasa amerudi kwenye kugonga meza kwa kidole, lazima anyong'onyee. Nikaanza kutafuta namna ya kumrudishia.

Namna ikaja yenyewe. Shule zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya risasi mjini, na shirika moja la kusaidia watoto lilifungua mazoezi ya mchana katika ukumbi mmoja kule Kadutu. Tulipewa uji na sukari. Maman alimwambia Papa kwamba tutafundishwa teyatri na kukariri mashairi. "Kukariri ni muzuri," akasema Papa, na hakuuliza zaidi. Maman mwenyewe aliamini hivyo, na mimi sikumsahihisha mtu.

Mwalimu tulimwita Maître Sylvain. Alikuwa mtoto wa Bukavu aliyekwenda kusomea dansi Ulaya akarudi na suruali pana na mazoea ya kutembea bila viatu. Alitafuna kitunguu saumu kibichi mchana kutwa, alisema kinalinda tumbo, kisha anakuja kukuwekea uso usawa wa uso na kukwambia, "Pumua." Ukipumua unavuta saumu yake. Viganja vyake vilikuwa na maji daima. Alipenda kukushika shingo kwa nyuma akikuelekeza, na ukienda nyumbani unahisi bado shingo imelowa. Alitulaza kwenye ile saruji yenye mafuta ya taa, akatuviringisha mmoja juu ya mwingine, mgongo wa mtu kwenye tumbo la mtu, ili eti tusikilizane uzito. Mtoto wa jirani alikuwa na upele. Nikausikiliza uzito wake wiki mbili, halafu nikaupata upele.

Lakini nitamtendea haki: alijua kazi yake. Alikuwa na utaratibu mmoja tu. Tulicheza kila mtu apendavyo, yeye akizunguka katikati yetu, na alipoona kitu kizuri alipiga kofi moja, akapaza sauti, "Garde!" Maana yake shika hicho, kitunze. Hapo wote tuliganda, na yule aliyeonwa alirudia tendo lake peke yake mara ishirini, thelathini, mpaka likawa hatua isiyopotea. Kila siku mtu aliyepata "garde" alikwenda nyumbani kichwa juu. Mimi wiki tatu nilikuwa sijapata.

Siku moja akatukalisha chini. "Leo musicheze bile munajuaka," akasema. "Kila mutu alete kitu moja ya kwabo, kitu macho yake iliona. Musifikiri. Mu impro hakuna kosa."

Msichana mmoja akaleta nyanya yake akitwanga sombe. Mvulana mmoja akaleta mbuzi, tukacheka. Ikafika zamu yangu. Nilikuwa nimeapa kwamba sitasema, na nikakumbuka kiapo changu vizuri kabisa. Lakini kucheza si kusema. Hilo lilikuwa wazi kwangu kama hesabu ya moja jumlisha moja. Nikaweka mkono wa kushoto kiunoni, wa kulia nikaunyoosha juu, nikapandisha mabega. Nikazunguka. Nikazama. Nikaibuka.

Maître Sylvain aliacha kutafuna. Alinitazama, kisha akapiga kofi. "Garde!"

Aliniuliza nimeitoa wapi. Nikamwambia ni siri. "Muzuri," akasema, "iache ibaki siri," na akanishika shingo kwa kile kiganja chake. Wiki nzima tukaifanyia kazi. Akanifundisha kuzama polepole, kuacha mkono uwe wa mwisho kupotea na wa kwanza kurudi. Ilipendeza, msinielewe vibaya. Ilipendeza sana, na hilo ndilo linalonitia kinyaa. Halafu akawachukua watoto sita, akawapanga mbele yangu wamepiga magoti, migongo imeinama, bega kwa bega, wakawa ukuta mfupi wa mimi kuzama nyuma yake.

Mimi sikumwambia kuhusu mifuko ya mchanga. Sikumwambia mtu. Jambo hilo lilinijia miaka mingi baadaye, nikiwa jikoni namenya viazi, nikaweka kisu chini. Maître naye alipita barieri zile kama watu wote. Siri ya mtungi aijuaye kata. Alijua alichokiona tangu pale alipoacha kutafuna, alijua mtoto wa miaka tisa hajui, akapiga kofi akasema garde. Nimekutana na wezi wengi, wengine walinivunjia nyumba, lakini hakuna ninayemchukia kwa utulivu kama huyo.

Onyesho lilikuwa Jumamosi, mchana mweupe, kwa sababu jioni hakuna aliyetembea. Wazazi walikuja na nguo za kanisani. Mchungaji wetu alikuwepo pamoja na wazee wawili, maana walialikwa kama viongozi wa mtaa. Papa alikaa safu ya tatu kando ya Maman, koti limefungwa vifungo vyote, ametayarisha masikio kwa mashairi. Na safu ya mbele, kwenye viti vyenye mito, alikaa Commandant wa eneo na walinzi wake, kwa sababu wakati ule hata ubatizo hawakukosa kuja kuangalia. Commandant alikuwa mnene, ametoka jasho, na alikuwa anachokonoa meno kwa kijiti akikitazama kila mara kuona kimeleta nini.

Ngoma zikaanza. Ukuta wa watoto ukapiga magoti. Nikaingia, mkono kiunoni, mkono juu. Nilimtafuta Papa kwa macho, nikampata, nikampa tabasamu langu lote. Hii yako, Papa. Nimekuletea. Nikazunguka, nikazama, nikaibuka, na walinzi wakaanza kucheka. Kicheko chao nilikifahamu, na badala ya kuniogopesha kikanipa moyo, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa hata siku ile. Nikazama tena. Nilipoibuka nikaona Maman amemgeukia Papa, na Papa ameondoa miwani, ameishika tu mkononi. Wazazi wengine walikuwa wanatazama magoti yao.

Commandant akainua kijiti chake. Ngoma zikanyamaza.

"Mutoto," akasema kwa upole, "huyu muzee unaigaka njo nani?"

Nilifungua mdomo. Jibu lilikuwa limefika kwenye ulimi, nikilionea fahari: ni Papa, yuko pale. Maître Sylvain alikuwa pembeni ya jukwaa. Alitazama vidole vya miguu yake, hakutikisika. Mwalimu wa watu huru!

"Hapana mutu, mon Commandant." Ilikuwa sauti ya Papa. Amesimama. "Miye njo baba yake. Ni michezo tu ya batoto."

Commandant alimgeukia, akamtazama kuanzia viatu. Sijui kama alikuwa anajua lolote. Labda hakujua, labda alichoka tu na alitaka kucheka. "Kama weye njo baba," akasema, "panda basi. Onesha ye vile banachezaka."

Papa akapanda. Alipita mbele ya mchungaji, mbele ya wazee, mbele ya wanafunzi wake waliokaa madirishani, akapanda jukwaani na viatu vyake vilivyong'arishwa. Moyo wangu ulitaka kupasuka kwa furaha. Ngoma zikaanza tena. Nikaweka mkono kiunoni, nikajiandaa kuzama pamoja naye, lakini yeye akanishika kile kiganja kilichokuwa juu, akakishusha, akainama kwenye sikio langu.

"Fuata miye," akanong'ona. "Usiende chini tena."

Akaanza kucheza kama kuku. Nawaambieni ukweli. Préfet, shemasi, alitoa viwiko nje, akanyoosha shingo, akanyakua hatua ndogondogo akizunguka jukwaa, akadonoa hewa huku na huku, akajifanya ameona mdudu, akanisukumia mimi huyo mdudu. Nikamfuata. Nikawa kifaranga. Alipofika kwenye ule ukuta akawagusa watoto mmoja mmoja begani, "Simameni, batoto, simameni," nao wakasimama, wakatufuata, tukawa msururu wa kuku saba na jogoo mmoja mwenye miwani mfukoni. Ukuta ukaisha. Ukumbi wote ukacheka, hata wazazi, na Commandant alicheka mpaka kijiti kikamwanguka na akasahau kabisa kuhusu muzee. Jasho lilikuwa linamtiririka Papa mpaka kwenye kola. Hakuna hatua hata moja aliyokuwa ameifahamu dakika moja kabla. Nimeona maonyesho mengi tangu hapo, mengine ya watu wanaosifiwa, lakini mtu anayebuni kwa mwili wake kwa sababu hana budi, nimemwona siku hiyo tu.

Nilipewa biskuti na Fanta. Tulisimama nje, kwenye kivuli cha ukuta, Maman amekwenda kutafuta sweta yangu. Maître Sylvain akaja na harufu yake ya saumu, akampa Papa mkono. "Aksanti sana, Préfet. Umeona? Mu impro hakuna kosa." Papa hakuupokea mkono. Alivaa miwani, akamtazama vizuri kama anavyomtazama mwanafunzi aliyenakili mtihani, akaendelea kumtazama mpaka Maître akaondoka.

"Papa," nikasema mdomo umejaa biskuti, "leo umecheza vizuri kupita hata ile siku ya barieri."

Akachuchumaa. Nilifikiri atanikaripia kwa kuitoa siri kwa mwili badala ya kwa mdomo. Alinifuta unga wa biskuti kidevuni.

"Ile siku sikucheza," akasema. "Kule chini nyuma ya mifuko, kulikuwa askari wengine babili. Balikuwa banapiga miye mu magoti na bunduki. Njo maana nilikuwa ninaanguka."

Nikaendelea kutafuna. Biskuti ikawa tope mdomoni, haishuki, haitoki, na mate yakanijaa, na nikakumbuka kila kitu upya: kile kicheko, ule mfinyo, mara ya tatu alipokawia. Kumbe nilizuia pumzi kwa hamu wakati baba yangu anapigwa. Kumbe nimeifanyia mazoezi wiki nzima, nimefundishwa kuizamisha polepole ipendeze, nimeicheza mbele ya mke wake na wanafunzi wake. Sijawahi kujichukia hivyo tena, ingawa nafasi nimezipata. Sikulia. Nilimeza lile tope, na chupa ya Fanta niliimaliza.

Maman alikuwa amesimama nyuma yetu na sweta mkononi. Alikuwa amesikia. Njia yote mpaka nyumbani alimshika Papa mkono hadharani, jambo ambalo watu wa kanisa letu hawakulifanya.

Alhamisi iliyofuata wazee walimwita Papa katika ofisi ya mchungaji, na kwa desturi yetu familia nayo ilipaswa kuwepo. Chumba kilikuwa kidogo. Kulikuwa na meza, daftari kubwa la nidhamu, na katibu mwenye kalamu. Mchungaji alionekana ana aibu kuliko sisi.

"Préfet," akasema, "batu bote baliona. Lakini tuliona vilevile kama Commandant njo alikuita. Sema tu kama balikulazimisha. Katibu ataandika vile, na itaisha hapa hapa."

Mimi niliona mlango umefunguliwa. Sema ndiyo, nilimwomba kimoyomoyo, sema askari, sema na barieri, sema kila kitu, mkate usikupite kwa ajili yangu. Maman naye alimgusa kiwiko.

Papa alifikiri. Kisha akanitazama, mimi niliyekuwa nimeinamisha kichwa tangu Jumamosi na sikuwa nimekula mbele yake hata mara moja.

"Hapana," akasema. "Hakuna mutu alinilazimisha. Nilicheza na mutoto wangu."

Katibu akamtazama mchungaji, mchungaji akatikisa kichwa kuomba afikiri tena. Papa akarudia maneno yale yale, polepole, kama anavyosomea darasa imla, ili katibu ayaandike bila kosa. Katibu akaandika: miezi sita bila meza ya Bwana. Papa akaomba kalamu, akatia sahihi, akanishika mkono tukatoka.